Koti la Hermenegildi

Ukifa leo, nani atavaa koti lako kesho asubuhi, atembee mwendo wako mbele ya watoto wako, na kuwafanya wacheke kabla hawajakufukia?

Watu wengi hawana jibu. Wapogoro wa Lumemo, pale Ifakara, walikuwa nalo kwa miaka mingi, na jibu lilikuwa mtu mmoja: Kassian Mapunda, Mngoni, mwendesha mashine ya kukoboa mpunga. Wangoni na Wapogoro ni watani. Babu zao walipigana, wakachoka, wakaona heri watukanane. Kwa hiyo Mpogoro akifa, mtani wake hatakiwi kuja na uso wa huzuni. Anatakiwa kuja na fujo. Anavaa nguo za marehemu, anajipaka unga usoni, anaigiza alivyokuwa akikohoa, akila, akigombana na jirani. Anaingia jikoni na kuiba nyama sufuriani. Anajilaza njiani ili jeneza lisipite. Waliofiwa, ambao tangu jana hawajatia kitu mdomoni, wanajikuta wanacheka na kamasi zinawatoka, na kicheko hicho ndicho kinachowapa miguu ya kufika makaburini.

Hiyo ndiyo kazi ya mtani, na sharti lake ni moja. Mtani halii.

Kassian alizaliwa Mlimba. Baba yake alitoka Songea kufuata kazi ya reli, na kazi aliyoipata ilikuwa kukaza mataruma juani mpaka uzee wake. Jioni alirudi amechoka kiasi cha kushindwa kusema. Kassian na wadogo zake walijifunza kumsoma usoni: nyusi zikikaa hivi, leo usiombe kitu, mdomo ukilegea hivi, sogea umvue viatu. Huenda kipaji chake kilianzia hapo. Alipokuwa mtu mzima na kuja Ifakara kutafuta kibarua kwenye mashine za mpunga, alikuwa na uwezo wa kumtazama mtu mara mbili tatu tu, kisha akamvaa mzima mzima kama shati.

Mashine nayo ikampa vyake. Ilimpa kifua chenye vumbi, kikohozi cha mara mbili kabla ya kila sentensi, na mabega yaliyopanda juu kwa kubeba magunia. Ilimpa na sauti. Alizoea kupiga kelele ili asikike mashine inapounguruma, na alipotoka nje hakujua tena namna ya kuishusha. Siku moja kanisani alimnong'oneza jirani yake, na padri akakatiza mahubiri akidhani ameulizwa swali.

"Kassian," Hermenegildi alikuwa akimwambia, "zima mashine kwanza, ndipo tuongee."

Mtaa mzima uliyajua maneno hayo, hata watoto waliyatumia.

Hermenegildi alikuwa Mpogoro, fundi baiskeli, na kibanda chake kilitazamana na mlango wa mashine. Walifahamiana msibani. Baba yake Hermenegildi alipofariki, wazee wa Kingoni walimtuma Kassian, wakati huo kijana, avae kofia ya marehemu. Alitembea kidogo, akajikwaa kwenye jiwe la jiko, akaangukia beseni la maharage. Watu wakanyamaza. Kisha mtu mmoja akacheka, na alikuwa mtoto wa marehemu mwenyewe. Tangu hapo hawakuachana. Kila asubuhi walirushiana matusi kuvuka barabara.

"Mtumwa wangu, umeamka?"

"Nimeamka, mkimbizi wa Songea. Mlisema mmekuja kututeka, mbona mmeishia kutukobolea mpunga?"

"Tuliwateka, tukawajaribu kazi, tukaona hasara."

Mke wa Kassian alipofariki, Hermenegildi ndiye aliyevaa khanga yake, akajitwika ndoo tupu na kupita uani huku akimsuta Kassian kwa sauti ya marehemu kwamba ameacha tena viatu mlangoni. Kassian alicheka siku hiyo mpaka akakaa chini. Hakumsahau kwa hilo.

Uchovu haukuja siku moja. Ulikuja koti kwa koti. Kwanza alidhani ni mwili tu: kucheza tangu asubuhi bila kula, kulala kwenye njia yenye matope, kubebwa na vijana na kutupwa kando. Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu. Aligundua kwamba kila mtu aliyemwigiza alimpotea. Akitaka kumkumbuka mzee fulani, hakumwona tena yule mzee. Alijiona yeye mwenyewe, amejipaka unga, anamwigiza. Waliofiwa walibaki na baba yao, na mama yao. Yeye alibaki na maigizo. Kwa hiyo baada ya kila msiba alikuwa akijitenga nyuma ya nyumba, anavua nguo za watu, anakaa juu ya kuni au ndoo iliyofunikwa, ananyamaza. Aliamini hakuna aliyewahi kumwona.

Aliyemwona ni Jihan.

Jihan ni binti wa Salimu, mwenye duka la vitambaa, ukoo uliotoka pwani zamani na kuifuata biashara mpaka bondeni. Alikuwa amerudi nyumbani baada ya kumaliza chuo, akiwa na cheti cha sanaa na shangazi wengi waliouliza cheti hicho kinapikwa vipi. Picha zake hakuzipaka rangi tu. Alibandika: vipande vya khanga vilivyodondoka kwenye vyerehani barazani kwa baba yake, salfeti, ile mifuko ya mbolea, ukindu wa mikeka iliyochakaa, mkaa, nyuzi. Siku moja alifika kwenye mashine.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Una mpunga?"

"Sina. Naomba pumba."

"Pumba?" Kassian alipaza sauti. "Umeanza kufuga nguruwe?"

Wapagazi wote wakageuka kumtazama binti wa Salimu.

"Baba Kassian, nikifuga nguruwe mimi, mzee Salimu atanizika siku hiyo hiyo."

"Basi usihofu, nitakuja kukutania. Za nini sasa?"

"Za ngozi. Natengeneza mtu. Nikimaliza nitakuita."

Alimjazia mfuko, akamtwisha mwenyewe, akasahau.

Hermenegildi alifariki alfajiri ya Ijumaa, hospitalini. Figo zilikuwa zimemsumbua kwa muda mrefu. Getrude, mkewe, alimpigia Kassian simu kabla hajapigia ndugu wengine.

"Mtani," alisema, "rafiki yako ameondoka. Tunazika kesho. Nimelifua koti lake."

Kassian aliizima mashine. Wateja walikuwa kwenye foleni na magunia yao. Aliwaambia wasubiri mtu mwingine, akatundika ovaroli lake la bluu kwenye msumari, akaoga bombani, akavaa shati safi. Alipaswa kushika njia ya kushoto, kwenda msibani. Miguu ikakataa. Kule koti lilikuwa linamsubiri kambani. Akakumbuka kwamba Jihan alikuwa amepita jana kumwalika kwenye maonyesho ya picha, ukumbini karibu na stendi. Akaenda huko, si kwa kupenda picha, bali kwa sababu ukumbi una viti na hakuna ambaye angemwambia pole.

Hakukaa kitini. Picha ilikuwa ukutani mbele ya mlango, kubwa kuliko mlango wenyewe, na aliyatambua mabega kabla ya uso.

Alikuwa yeye. Ngozi yote ilikuwa pumba, zile zile za mashine yake, zimechekechwa laini mashavuni na kuachwa nzito kwenye paji. Juu yake ulipakwa unga wa muhogo, uliokauka na kupasuka. Mwilini kulibandikwa bitana ya koti la zamani, imegeuzwa ndani nje, na shingoni ukanda wa khanga. Mdomo ulikuwa umelegea namna ile ambayo yeye, alipokuwa mtoto, akiiona kwa baba yake alisogea kumvua viatu. Chini ya kila jicho ulishuka mstari mmoja mpaka kidevuni. Hapo Jihan hakubandika pumba wala unga. Aliiacha salfeti ionekane tupu, na ukisogea ungesoma herufi za mbolea zilizofifia.

Kulikuwa na watu mbele ya picha, wakimsikiliza mgeni kutoka Dar es Salaam, mwalimu wa sanaa mwenye miwani iliyoning'inia kifuani.

"Tazameni macho," mgeni alisema. "Haya ni macho ya mtu aliyenyang'anywa shamba. Pumba ni mavuno yanayokwenda kwa wengine. Yeye amebakiwa na maganda."

"Mimi naona hasira," alisema kijana mmoja.

"Hasira imelala ndani ya huzuni. Vizuri sana."

"Si mganga huyu?" mama mmoja aliuliza. "Huo unga."

"Unga ni kumbukumbu ya mizimu ya Wandamba, wenyeji wa bonde hili," mgeni alijibu, akaonyesha kadi iliyobandikwa chini ya picha. Kadi ilisema: *Mndamba wa Bonde. Kilio cha Ardhi.*

Kassian alisimama nyuma yao na shati lake safi, na hakuna aliyegeuka. Hakukasirika. Alimsikiliza mgeni kwa makini na akajikuta anamwonea wivu yule mtu wa kwenye kadi. Kunyang'anywa shamba ni jambo lenye jina. Unaweza kwenda nalo ofisini. Watu wanaweza kuliandamania. Yeye angekwenda kwa nani kusema kwamba amechoka kuvaa watu?

Jihan alitokea pembeni, akamwona, kisha akaiona kadi. Ni dhahiri ilikuwa mara yake ya kwanza kuisoma.

"Nani ameandika hivi?"

"Waandaaji," alisema mgeni kwa upole. "Jina uliloipa picha lilikuwa fupi mno. Watazamaji wanahitaji kushikwa mkono."

"Niliandika 'Baada ya Koti'. Huyu si Mndamba. Ana jina, ana kazi, ana mtaa. Mmemfanyia tohara ya kabila bila kumuuliza hata hujambo. Mtu wa bonde akilegeza mdomo mnaona ardhi, akikunja uso mnaona ukoloni. Hamuwezi kuona mtu amechoka tu?"

"Binti yangu, sanaa ikishatoka kwako..."

"Mimi si binti yako. Baba yangu yupo dukani, anauza doti za khanga."

Alikuwa ameinama kuibandua kadi. Kassian alimshika bega.

"Acha, mwanangu," alisema, na ukumbi mzima ukamsikia, maana hakujua kusema taratibu. Watu wakageuka. Waliutazama uso wake, wakautazama ule wa ukutani, wakarudi kwake. Mgeni alivaa miwani.

"Baba Kassian, nisamehe. Sikutaka waseme hivyo."

"Wewe uliniona wapi?"

"Kwenye msiba wa Bibi Justa. Nilikwenda nyuma kuosha vyombo na wenzangu. Ulikuwa umekaa kwenye kuni, upenuni."

Kabla hajajibu, mtu mrefu aliingia mlangoni na kofia mkononi. Alikuwa Marselino, kaka mkubwa wa Hermenegildi, mwalimu wa kwaya. Marselino huongea kwa sauti ya chini kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, na hana utani hata chembe. Ukimtania, anakuomba ufafanue. Bibi Justa, aliyefariki masika yaliyopita, alikuwa mama yao, yeye na Hermenegildi.

"Mtani," alisema, "tunakutafuta mtaa mzima. Wamesema umeonekana huku. Koti limekauka."

Kisha akaiona picha.

"Huyu ni wewe."

"Wanasema ni Mndamba," alisema Kassian.

Marselino hakucheka. Alisogea, akauweka mkono karibu na ule ukanda wa shingoni bila kuugusa. "Hii ni khanga ya mama."

"Inafanana nayo tu, baba," alisema Jihan. "Niliitafuta stoo mpaka nikaipata ya maua yale yale."

"Kwa hiyo ni siku ya kumzika mama." Kidole cha Marselino kilipanda mpaka kwenye mstari ulioshuka chini ya jicho. "Na hii? Ni jasho au machozi?"

Jihan alifungua mdomo. Kassian akamuwahi.

"Jasho. Siku ile jua lilikuwa kali."

"Siku ile mvua ilinyesha tangu asubuhi," alisema Marselino. "Kaburi lilijaa maji. Tulilikausha kwa ndoo, na ndoo nilishika mimi."

Kassian alikohoa mara mbili.

"Ulimlilia mama yetu?"

Mama yao ndiye aliyempikia Kassian uji mwaka wa kwanza alipofika Ifakara bila jamaa. Ndiye aliyemwita mkwe wangu wa porini. Kassian alipomwigiza, alivaa lile koti la marehemu mumewe ambalo bibi alijifunika nyakati za baridi, akajifunga khanga yake shingoni, akazunguka uani akiwaomba vijana ugoro, na watu wakacheka mpaka wakashikana. Tangu siku ile hakuweza kuikumbuka sauti ya bibi. Alisikia yake tu.

"Mtani halii, Kassian," alisema Marselino, kama anayemkumbusha mtoto katekisimu. Akavaa kofia, akatoka, na Kassian akamfuata.

Msibani walipomwona anaingia, wanawake wa jikoni walichangamka.

"Mngoni huyo. Funikeni nyama."

"Ficheni hata majivu, huyu hachagui."

Watoto walijipanga ukutani kungoja vituko. Chini ya turubai wanaume walishaanza kutabasamu, macho yao mekundu yakimsihi. Kassian aliyaona macho hayo na akayaelewa; alikuwa ameyaona maisha yake yote. Yalikuwa yanasema, tupe kidogo tu, tumechoka.

Koti lilikuwa kambani, la kahawia, na mafuta ya cheni kwenye mikono ambayo sabuni haikuyaweza. Mfukoni alikuta ventili ya baiskeli. Koti lilinukia jua na sabuni, halikunukia Hermenegildi. Aliingiza mkono mmoja. Mwendo wa rafiki yake aliujua kuliko wake: Hermenegildi alitembea ameinamia kushoto, mkono wa kulia umenyooka kidogo pembeni, kama anakokota baiskeli, hata alipokuwa hana baiskeli. Mkono wa Kassian ulianza kunyooka wenyewe. Mtoto mmoja akacheka kabla ya wakati.

Mkono ukashuka.

Nikiutembea mwendo wake, aliwaza, kesho kutwa nikiangalia kibandani kwake nitajiona mimi.

Alilivua, akalikunja vizuri, akaenda mpaka mlangoni ambako Getrude alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawe na shemeji zake. Akamwekea koti mapajani.

"Shemeji, naomba nikae."

"Ukae wapi?"

"Hapa. Na waliofiwa."

Marselino alisogea kutoka kwenye turubai.

"Wewe umefiwa kwa upande gani?" aliuliza. "Ukoo gani?"

"Sina upande."

"Kassian," alisema Getrude, sauti imemkauka, "yeye mwenyewe aliniambia hospitalini. Alisema, nikifa, Kassian anitembee vizuri, asinifanye kilema."

Mtu mmoja alitaka kucheka, akajizuia.

"Najua. Aliniambia na mimi."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimjibu nitamtembeza mpaka Mahenge na kurudi." Kassian aliitazama ile ventili, ambayo bado ilikuwa kiganjani mwake. "Nilimdanganya, shemeji. Siwezi. Wengine wote niliweza. Huyu akinipotea na yeye, sibaki na mtu."

Hakuna aliyeelewa vizuri alichosema, na yeye hakuwa na nguvu za kukieleza. Mzee mmoja alishauri aitwe Mngoni mwingine. Wakahesabu kwa majina: huyu amelazwa, yule yuko Kisawasawa shambani na simu yake haipatikani, hawa vijana waliozaliwa mjini wanajua kupiga picha za simu tu.

"Basi kesho tutamzika ndugu yangu kama mtu asiye na watani," alisema Marselino. Hakupaza sauti, na ndiyo maana yaliuma. "Ulimlilia mama, ukatuficha. Sasa unamlilia mwanawe, mbele yetu. Nani atatushika sisi?"

Akaondoka, akatoka uani, akashika njia ya mashine. Watu walidhani anakwenda kupoza hasira.

Kassian alibaki amesimama. Kama Getrude angemwambia aondoke, angeondoka. Getrude alisogeza miguu yake, nafasi ikapatikana pembeni mwa mkeka, kiasi cha mtu mmoja mwembamba. Kassian akakaa. Hapo alikaa jioni nzima, mabega juu, bila kula, na kila aliyeingia kutoa pole alimruka kwa macho na kumpa mkono aliyefuata. Alijua amewavunja. Alijua pia kwamba hawezi kusimama. Alilala pale pale, viatu miguuni.

Asubuhi mwili uliletwa kutoka mochwari mapema, ukungu bado umelala juu ya mashamba upande wa mto. Jeneza liliwekwa barazani. Hakuna aliyekuwa na nguvu. Getrude alikuwa amelikumbatia koti, wanawe wamemwegemea, na hata katekista alisoma kama mtu anayesukuma toroli kwenye mchanga. Marselino hakuonekana, na watu walianza kunong'onezana kwamba kaka mtu amesusa.

Ndipo sauti ikatoka barabarani.

"Shikamooni!"

Ilikuwa sauti ya mtu asiyezoea kupiga kelele, ikapasuka katikati. Marselino aliingia uani. Alikuwa amevaa ovaroli la bluu la Kassian, miguu ya suruali ikiishia chini kidogo ya magoti, maana alikuwa mrefu, na begani amebeba gunia tupu kana kwamba limejaa. Alijipaka uji usoni na kujimwagia pumba za mashine. Mabega ameyapandisha mpaka masikioni. Akakohoa mara mbili. Akakohoa tena, kwa kuwa alisahau kilichofuata.

Watu walitazamana.

"Amechanganyikiwa?" aliuliza bibi mmoja. "Mpogoro anamtaniaje ndugu yake?"

Marselino alifika kwenye nyama, akainua kifuniko, akaomba radhi kwa mpishi, akakirudisha. Alikuwa mtani mbaya kuliko wote waliowahi kuonekana Lumemo. Alilipita jeneza. Aliwapita watoto wa marehemu, akawapita wajomba na shangazi, hakumgusa hata mmoja, mpaka akafika pembeni mwa mkeka, mbele ya Kassian. Hapo akalitupa gunia chini.

Bibi yule alikuwa wa kwanza kuelewa. "Anamtania Mngoni," alisema taratibu. "Mngoni ndiye aliyefiwa."

"Wewe Mngoni!" alipiga kelele Marselino, na mishipa ikamtoka shingoni. "Umekaa hapa tangu jana unalia. Umefiwa na nani?"

Kassian alimtazama. Alizitazama pumba zilizobandikwa ovyo kwenye uso ule mrefu, mdomo ambao Marselino alikuwa ameulegeza kwa makusudi, kama ule wa ukutani. Alitaka kujibu kwa sauti yake ya siku zote, lakini iliyotoka ilikuwa ndogo mno.

"Ndugu yangu."

"Sikusikii!"

"Nimefiwa na ndugu yangu."

"Sikusikii, Kassian. Zima mashine kwanza, ndipo tuongee."

Aliyecheka wa kwanza ni Getrude. Alicheka uso umezama ndani ya koti, na mabega yake yakaanza kutikisika, kisha wanawe, kisha wale wa jikoni, mpaka katekista akalazimika kufunga kitabu. Kassian alicheka na kulia kwa pamoja, na mtu mmoja kati ya waliomruka jana akamshika mkono. Marselino alibaki amesimama juu yao, mabega bado masikioni, maana hakujua mtani huwa anamalizaje. Uji ulikuwa haujamkauka usoni. Chini ya kila jicho pumba zilianza kuteleza, mstari mmoja huku, mmoja kule, zikashuka mpaka kidevuni na kudondoka juu ya ovaroli, na jua lilikuwa bado halijatoka.